Kwa Nini Kapteni Hakuchukua Fomu

Benchi letu liko Kilosa mjini, kwenye kona ya kuteremkia stesheni ya zamani, mbele ya kibanda changu cha kushona viatu. Ni mataruma mawili ya reli yaliyolazwa juu ya mawe, na kila mmoja wetu ana bonde lake alilolichimba kwa kukaa. Mwenye bonde refu kuliko yote ni Mzee Lazaro, gadi wa treni mstaafu, ambaye tunamwita Mzee Kipenga kwa sababu mtu akiongea upuuzi anampigia mluzi. Jirani yake hukaa Cosmas, muuza mbegu na dawa za mimea, jina la kijiweni Dokta Mbegu, bingwa wa methali zisizo mahali pake. Kijana wetu ni Onesphory, dereva wa bodaboda, tunayemwita Wakili ingawa mahakamani ameingia mara moja tu, na hiyo mara aliingia kama mshtakiwa. Mimi naitwa Gundi. Kahawa ni ya Costancia, Mama Devota, mjane asiyependa maneno mengi, na ndiye peke yake anayeweza kutunyamazisha wote kwa kuinua birika. Siku ninayoisimulia ilikuwa ya mwisho ya kuchukua fomu za ubunge ndani ya chama. Saa nne asubuhi ilikuwa imefika, na Kapteni Evarist, mbunge wetu wa miaka kumi, hakuwa ameonekana ofisini.

— Nimetoka Mikumi sasa hivi, alisema Wakili hata kabla hajavua helmeti. Aisee, kule watu wamechachamaa. Mpaka madereva wa malori wanauliza, Iachwe yuko wapi?

— Yuko nyumbani kwake, alisema Mzee Kipenga. Na geti amelitia kufuli.

— Ndiyo maana nimekuja na hii. Wakili alikunjua karatasi. Majina mia na kumi na mawili, yote na sahihi. Tunamwomba achukue fomu. Saa kumi jioni dirisha linafungwa. Gundi, wewe una mwandiko, hebu niandikie pale juu "Mheshimiwa".

Nikaandika. Mkono wangu una gundi siku zote, kwa hiyo karatasi ikashikana na kidole, na neno Mheshimiwa likatoka na alama ya dole gumba.

Jina la Iachwe Kapteni alilipata bungeni. Ukiletwa muswada wowote wa kubadili jambo, yeye alikuwa anasimama, anafunga kifungo cha koti, anasema: "Mheshimiwa Spika, jambo hili wazee wetu waliliona, wakaliacha. Nami naomba sheria iachwe kama ilivyo." Kisha anakaa. Alitaka watoto wa shule wasimame mtu mzima akiingia darasani. Alitaka harusi zirudi kuwa mchana. Sheria ya ndoa alikataa isiguswe hata nukta. Kuna waliomcheka na kuna waliompenda, na kwenye benchi letu tulikuwa tunabadilishana zamu.

— Mimi nitawaambia kwa nini hachukui fomu, alisema Wakili. Ameitwa. Wakubwa wamempa ubalozi. Mshkaji wangu ana binamu yake yuko Dodoma, anasema Kapteni anapelekwa nchi moja baridi kinoma, hata ng'ombe wanavaa masweta.

Mzee Kipenga akapiga mluzi.

— Balozi gani anafukuza dereva wake? Kapteni kamwachisha dereva tangu Pasaka. Balozi anaongezewa dereva, hapunguziwi.

— Hapo umesema, alidakia Dokta Mbegu. Wahenga hawakukosea, kikulacho ki nguoni mwako. Ndiyo maana hata mimi nilibadilisha fundi cherehani.

— Sasa hiyo inahusiana vipi na dereva?

— Dereva si anavaa nguo?

Mama Devota alimmiminia kahawa bila kusema neno. Siku ile hakuwa amesema neno tangu asubuhi, ila sisi hatukushangaa, kwa sababu likitajwa jina la Kapteni yeye hunyamaza. Kila mtu Kilosa anajua sababu. Mumewe alipofariki, shemeji yake aliingia ndani ya nyumba na kumtoa yeye na binti yake nje. Mama Devota alimwandikia mbunge barua ya kurasa tatu. Mbunge akajibu kwa mistari miwili kwamba hilo ni la ukoo, liachwe kwenye ukoo. Mwaka mzima baada ya hapo Mama Devota alikataa kumuuzia Kapteni kahawa. Kapteni alikuwa anapita, anasalimia, hajibiwi, anaendelea na njia yake.

— Tatizo lenu vijana, alisema Mzee Kipenga, hamumjui huyu mtu. Mimi nilipuliza kipenga treni lao lilipoondoka hapo chini kwenda vitani Kagera. Mwaka sabini na nane. Alikuwa na miaka ishirini na moja, mwembamba kama bendera ya stesheni, na alikuwa ameoa miezi mitatu tu. Mkewe alikuja kumsindikiza. Treni lilikwenda, wenzake wote wakaondoka, yeye akabaki amesimama palepale. Nikamwambia dada, treni limeondoka. Akaniambia, nimeliona.

— Huko vitani alifanya nini hasa? niliuliza.

— Alikuwa kikosi cha madaraja. Wenzake wanapiga risasi, yeye yumo mtoni anafunga kamba. Alirudi na nyota zikamfuata moja baada ya nyingine mpaka akawa Kapteni.

— Ndiyo maana alipostaafu akaingia kwenye kamba, alisema Wakili. Hiyo naijua. Babu yangu alifanya kazi pale kwake.

Hiyo tunaijua wote. Kapteni aliporudi uraiani hakujenga baa wala nyumba ya kulala wageni kama wastaafu wengine. Alinunua mashine chakavu tatu za kusokotea kamba kutoka shamba la mkonge lililokufa, akazifungua vipande vipande barazani kwake, akazisafisha kwa mafuta ya taa, akazifunga tena. Miezi saba watu walimwita kichaa. Mwezi wa nane kamba ya kwanza ikatoka. Wafugaji wa Tindiga walinunua za kufungia ng'ombe, madereva wa malori pale Mikumi walinunua za kufungia mizigo, na wazee wa hapa mjini ambao baba zao walikata mkonge wakapata tena kazi ya mkonge. Aliajiri watu arobaini. Kengele inagongwa saa moja kamili. Ukichelewa unarudi nyumbani, lakini ukifiwa anakuja na gunia la mchele begani, mwenyewe, kwa miguu.

— Ila ubunge aliupata majini, alisema Dokta Mbegu, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile sauti yake haikuwa ya mzaha. Mwaka ule mto ulipovunja tuta. Mimi nilikuwa juu ya paa, na mbuzi wanne na mama mkwe. Naona mtu anakuja, maji yamemfika kifuani, kiunoni ana kamba. Ametoa kamba zote za ghalani, zote, kafunga mistari mitatu kutoka kwenye tuta la reli mpaka mtaani kwetu. Watu wakawa wanapita wameshikilia kama wanavuka daraja. Akafika kwangu, akampokea mama mkwe kwanza, ndipo mbuzi.

— Kwa utaratibu sahihi, alisema Mzee Kipenga.

— Mimi ningeanza na mbuzi, alikiri Dokta Mbegu. Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Kapteni alitapatapa siku nzima mpaka akatutoa wote. Kamba zile zilioza, biashara ilisimama mwaka mzima. Uchaguzi ulipokuja, nani angempa kura mtu mwingine?

Tukainamia vikombe. Lakini benchi letu haliwezi kunyamaza sana, ni kama redio yenye betri mpya.

— Basi ni uchawi, alisema Dokta Mbegu. Mtu kama huyo haachi bure. Nimesikia kwa mteja wangu mmoja wa Malolo, mkulima wa vitunguu, mtu mkweli kabisa. Mpinzani wake amezika kobe hai chini ya mashine ya kamba. Kobe akiingiza kichwa, Kapteni anajifungia ndani. Kobe akitoa kichwa, Kapteni anafungua geti.

— Na kobe anakula nini huko chini?

— Si kobe wa kula, huyo ni kobe wa kazi.

Mzee Kipenga alipiga mluzi mrefu, wa treni la mizigo. Kisha akasogeza kikombe, akashusha sauti, nasi tukainama kumsikiliza, na hapo nilijua kwamba yeye ndiye angeongoza kwa uongo siku ile.

— Ni mali ya Mjerumani, alisema. Walipokuwa wanatoboa milima kupitisha reli mpya, kuna kitu kilionekana. Sanduku la chuma. Nani Kilosa nzima anajua kufungua vyuma chakavu bila kuvunja? Kapteni. Wakamwita. Sasa analo nyumbani. Kwa nini geti lina kufuli mchana? Kwa nini dereva kaondolewa? Na kuna jambo jingine. Mwezi uliopita nimepita nyuma ya nyumba yake, nikaona dirishani. Amekaa mbele ya kiti, na kwenye mgongo wa kiti amefunga fungu la katani. Anazigawa nyuzi zile kwa vidole, taratibu, anazipindisha, anazifumua, anaanza tena. Saa nzima! Mtu mwenye mashine tatu za kusokota kamba, anasokota kwa mkono ili iweje? Hiyo ni dawa ya kuzuia mashetani ya Mjerumani.

— Duh! alisema Wakili.

— Ndiyo hivyo.

Wakili alitikisa kichwa. Nadhani hakupenda kushindwa na wazee wawili.

— Hapana. Mimi nawaambia ukweli ambao wote mnauogopa. Mama Thadeo ameonekana lini mara ya mwisho? Mke wake. Kanisani haji. Sokoni haji. Tangu Pasaka nani kamwona? Mtu anafunga geti, anafukuza dereva ambaye angeweza kutoa siri, anafukuza wasichana wa kazi wawili. Mzee wa "mwanamke akae nyumbani". Mimi nasema kamfungia ndani. Amemfungia mkewe kama...

Birika lilitua juu ya meza kwa kishindo, kahawa ikaruka mpaka kwenye karatasi ya majina.

— Onesphory, alisema Mama Devota.

Hajawahi kumwita jina hilo. Kijana alikaa wima.

— Kufuli la getini ni kweli. Lisipofungwa, Mama Thadeo anatoka. Alfajiri, ninyi mkiwa bado mmelala, anatoka na miguu mitupu anateremka stesheni. Mara tatu mimi ndiye niliyemkuta, nikiwa nakwenda kuwasha jiko. Amekaa pale amejifunika kanga. Nikimuuliza, mama unafanya nini hapa, ananiambia mume wake yuko vitani, na treni la wanajeshi linarudi leo.

Mzee Kipenga akaweka kikombe chini.

— Daktari wa Morogoro amesema ni ugonjwa wa kusahau. Hauponi. Ya jana yanaondoka, ya zamani yanabaki. Dereva aliachishwa kwa sababu kila Mama Thadeo akiliona gari analia, anadhani wamemletea habari ya kifo. Wasichana wa kazi wamekimbia wenyewe. Hataki wamguse kichwa, mmoja kamng'ata mkono. Mtu anayemruhusu ni yule mzee peke yake, na hata yeye Mama Thadeo hamjui ni nani. Mume wake anayemjua ni kijana wa miaka ishirini na moja.

— Na katani? aliuliza Mzee Kipenga polepole.

Mama Devota akavuta kigoda, akakaa. Naye huwa hakai akiwa kazini.

— Mwezi wa tatu, asubuhi, nilikuwa napepeta mchele mlangoni kwangu. Akaja. Kavaa suti yake ya bungeni, kasimama kama yuko gwaride. Akasalimia. Sikumkaribisha. Nikapepeta mpaka mchele ukaisha, na yeye kasimama tu juani. Mwisho akasema, Mama Devota, barua yako nimeisoma tena. Nilikujibu vibaya. Nikamwambia, nyumba anakaa shemeji yangu sasa, na mlango kaupaka kijani. Akasema, najua, nimepita pale nimeuona. Nikaweka ungo chini. Ndipo akasema, nimekuja kuomba unifundishe kusuka nywele za twende kilioni.

Dokta Mbegu alifungua mdomo, nikadhani anatafuta methali. Akaufunga.

— Ndivyo alivyokuwa anasuka mama yake Mama Thadeo. Mistari ya kurudi nyuma, myembamba. Asiposukwa hivyo hatulii, anazunguka nyumba nzima ameshika kichwa. Nikamwambia lete katani. Nikafunga kwenye kiti, nikamwonyesha. Vidole vyake ni vya kamba, anavuta kama anafunga lori! Nikampiga kofi mkononi. Mbunge mzima. Akasema, samahani, rudia.

— Ukamsamehe, nilisema.

— Siku ile? Nani kakwambia? Nilimfundisha tu. Kusamehe kulikuja baadaye, kama wiki ya tatu hivi, siku alipoweza kugawa mistari bila kitana kuteleza. Alicheka peke yake kama mtoto, nami nikajikuta nimecheka. Habari ya nyumba yangu ameipeleka mwenyewe baraza la ardhi, ametoa ushahidi. Bado inapigwa tarehe. Lakini ameipeleka. Alisimama mbele ya watu akasema mama huyu aliniandikia, nikampuuza.

Alisimama, akachukua kitambaa na kuifuta ile karatasi ya Wakili, akamrudishia. Wakili aliipokea, akaikunja, akaiweka chini ya paja. Alikuwa anatazama pikipiki yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

— Mbona hukutuambia siku zote hizi? aliuliza Mzee Kipenga.

— Aliniomba nisiseme. Na leo nimevunja ahadi, kwa sababu ya midomo yenu.

Ilikuwa karibu saa tano. Sikumbuki nani aliwaona kwanza. Nakumbuka tu kwamba Dokta Mbegu alisimama, sisi wote tukasimama, na pale barabarani walikuwa wanateremka watu wawili, taratibu. Kapteni hakuwa na suti. Alivaa shati la mikono mifupi na kandambili, na kwapani alikuwa na mwavuli. Mama Thadeo alikuwa kwenye kitenge cha bluu na raba nyeupe za watoto wa shule, zimefungwa kamba vizuri. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote, zimesukwa mistari mitano. Miwili ilinyooka. Mitatu ilipinda kama njia za kupandia milimani.

— Shikamoo, Mzee Lazaro, alianza Kapteni, kwa sababu Mzee Kipenga amemzidi miaka minne, na Kapteni hajawahi kusahau jambo kama hilo.

— Marahaba, baba, marahaba. Karibuni.

— Shikamoo Kapteni. Shikamoo mama, tulisema sisi wengine.

— Marahaba, wanangu, alijibu Mama Thadeo, kwa sauti safi kabisa, ya mama wa nyumba anayepokea wageni.

Tukampisha bonde la Mzee Kipenga, ambalo ndilo lenye kivuli. Kapteni alikaa karibu naye, upande wa barabara.

— Leo ameamka vizuri, alimwambia Mama Devota, karibu kama anatoa taarifa. Amesema anataka kuona watu. Nikasema tuje huku.

Mama Devota alimimina nusu kikombe, akakipuliza kidogo, akampa Mama Thadeo mkononi. Kisha akasimama nyuma yake, akautazama mstari wa tatu wa nywele, akaupitishia kidole.

— Huu umeuanzia mbali, alisema.

— Nilijua utasema.

Tulicheka, na kicheko kilitusaidia. Lakini macho ya Kapteni yalikuwa yameshaona pembe ya karatasi chini ya paja la Wakili. Jeshini nadhani wanafundishwa hivyo.

— Hiyo karatasi inanihusu?

Wakili aliitoa kama mwanafunzi anayetoa simu mbele ya mwalimu. Kapteni alivaa miwani, akasoma yote, majina mia na kumi na mawili, bila haraka. Alipofika mwisho akarudi mwanzo.

— "Tunakuomba" mmeiandika mara mbili, alisema. Na hapa kuna kahawa.

— Samahani, Kapteni, alisema Wakili. Tena samahani sana. Kuna maneno mengine nimeyasema asubuhi hii, hayamo kwenye karatasi.

Kapteni alimtazama kijana kwa muda, wala hakuuliza ni maneno gani. Akaikunja karatasi mara nne, akaiweka mfuko wa shati.

— Nawashukuru. Nitaitunza. Lakini fomu sichukui.

— Na jimbo je, Kapteni? aliuliza Dokta Mbegu. Mimi nilishika ile kamba yako. Sasa tunashika nini?

— Jimbo mpaka jana jioni lilikuwa na watu kumi na wanne waliochukua fomu. Huyu hana hata mmoja anayemgombea, ila mimi.

Alisema hivyo akimtazama mkewe, aliyekuwa anahesabu kuku waliokuwa wakiparua mbele ya kibanda changu. Kisha akaendelea, na nakumbuka alifunga kifungo cha juu cha shati, kama alivyokuwa anafunga koti kule Dodoma.

— Miaka kumi nilisimama bungeni nikisema mwanamke ni mlinzi wa lango, na mlinzi haachi lindo. Makofi yalipigwa. Huyu alilinda lango langu nikiwa vitani, nikiwa kambini, nikiwa kwenye mashine, nikiwa Dodoma. Miaka arobaini na saba. Mimi bado ni mtu wa zamani, msinielewe vibaya. Bado nasema lindo haliachwi. Ila nilikuwa sijawahi kuuliza ni zamu ya nani.

Mzee Kipenga hakupiga mluzi. Alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena.

Mama Thadeo alikuwa amemaliza kuhesabu kuku. Alikunywa funda moja la kahawa, akamwangalia yule mzee aliyekaa kando yake, mwavuli magotini, kwa macho ya mtu anayefikiria jambo jema la kufanya. Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye upande wa pili. Akaniinamia. Alinong'ona, lakini mnong'ono wake tuliusikia benchi zima.

— Mwanangu, huyu baba ananitunza vizuri mno. Uji anapika yeye. Nywele kanisuka yeye. Sijui nimlipe nini. Hebu niambie, ana mke?

 Nilimtazama Dokta Mbegu, mwenye methali kwa kila jambo, naye akatazama mbegu zilizomwagika juu ya kiatu chake. Nilimtazama Wakili, akageuza uso. Mzee Kipenga alikuwa amefumba macho. Mama Devota alibaki na mkono juu ya ule mstari wa tatu, hausogei. Asubuhi nzima tulikuwa na jibu la kila kitu, mpaka la kobe.

— Ninaye, mama, alijibu Kapteni mwenyewe.

— Yuko mbali?

— Si mbali sana.

— Basi rudi kwake, baba. Usikae huku kwa ajili yangu. Sisi tunaosubiri tunachoka.

— Ndiyo, mama, alisema Kapteni. Nimesharudi.

Mama Thadeo aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu la kutosha, na akamrudishia Mama Devota kikombe kwa mikono miwili.